Nje ya Jumuiya

Friji ya Victorine ndiyo iliyonifikisha kwa Gaston. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani mimi ni mke wa kupekua mifuko ya mume na kunusa mashati yake. Mimi ni fundi wa nguo. Nina chumba cha duka Randburg, Johannesburg, chenye mashine nne. Kuanzia Oktoba mpaka Januari nashona sare za shule, na miezi inayobaki nashona blauzi nyekundu za akina mama wa Kimethodisti, zile za kola nyeupe wanazovaa kila Alhamisi. Mambo ya karatasi nilimwachia mume wangu, kwa sababu yeye karatasi ndiyo kazi yake.

Victorine ni Mkongo wa Bukavu, anasuka nywele chumba cha pili kutoka changu. Julai ya 2018 aliletewa friji ya milango miwili, akapita kila duka kututangazia kwamba kodi ndiyo iliyoinunua. Alikuwa anaweka akiba ya uzeeni kila mwezi, na Gaston alipomjazia ritani, fomu ya kodi ya mwaka, serikali ikamrudishia sehemu ya kodi aliyokatwa. Akaniuliza yangu nimeinunulia nini. Nikamwambia nachangia akiba ya uzeeni mwaka wa kumi na tano huu na sijawahi kurudishiwa hata senti. Alicheka mpaka mteja aliyekuwa mikononi mwake akalalamika kwamba anavutwa nywele. Sasa mimi ni Mhaya, na Wahaya tunatumia muda mwingi kuwakumbusha watu kwamba tumesoma. Kuchekwa mbele ya wateja kwa sababu ya ujinga kulinichoma. Jumatatu iliyofuata nilifunga duka saa nne asubuhi nikaenda kwa Gaston.

Gaston naye ni wa Bukavu, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye ofisi ndogo ya kujazia watu fomu za kodi juu ya duka la simu. Nilimpa kitambulisho, taarifa za benki, na cheti cha mwaka kutoka kampuni ya akiba, kile kinachotumika kwenye ritani. Alikisoma mara moja akakirudisha mezani.

"Mama, hii cheti iko na jina ya bwana yako."

Nikamwambia najua, ni akiba yetu sote, nikamweleza ilivyoanza. Mwaka 2003 Zolile, mume wangu, aliacha kazi ya kuajiriwa akaanza kufasiri nyaraka kwa kujitegemea. Kwa kuwa hakuwa tena na mwajiri wa kumwekea pensheni, tulikubaliana tufungue akiba. Alisema iwe kwa jina lake kwa sababu kodi yake ni kubwa kuliko yangu, na ya mmoja ni ya wote. Ila kipato chake kilikuwa leo kipo kesho hakipo, kwa hiyo makato ya kila mwezi yakawekwa kwenye akaunti ya duka langu. Tangu hapo, kila tarehe mosi, kabla sijalipa pango wala kununua kitambaa, akiba ilikatwa kwanza. Mwaka mmoja shule zilichelewa kunilipa, nikauza mashine ya tano ili makato yasikwame. Novemba ile Zolile alikuwa anatimiza miaka sitini na kuanza kulipwa, na mimi sikuwa na akiba nyingine popote. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tuzeeke nayo.

Gaston alinieleza taratibu kwamba punguzo la kodi humfuata mwenye jina kwenye cheti, si mwenye akaunti inayokatwa. Maana yake ni kwamba miaka yote hiyo Zolile ndiye aliyekuwa akidai punguzo kwa michango yangu, na yeye ndiye aliyekuwa akirudishiwa. Hilo liliniuma kidogo lakini nilimeza. Mume na mke hawagombanii friji. Nikamwambia Gaston basi ajaze hiyo ritani yangu tuimalize, akaanza kuniuliza maswali ya kwenye kompyuta mpaka akafika kwenye ndoa. Akaniuliza kama tuko ndani ya community au nje ya community.

Nikajibu bila kufikiri. Nikamwambia tulifunga ndoa nje, ila baadaye tuliingia, na siku hizi tuko ndani kabisa. Jumuiya inasali kila Jumamosi nyumbani kwa mmoja wetu, na mwezi uliopita ilikuwa kwetu, mtaa wa Observatory, nikapika ndizi sufuria mbili.

Gaston alicheka, akidhani natania. Aliponiona sicheki aliondoa mikono kwenye kompyuta.

"Mama, hapa haiko mambo ya kanisa. Siye ile tunaita shirika, nyinyi munaita jumuiya. Banauliza juu ya mali. Ndani, bintu byote ni byenu babili. Nje, kila mutu na byake."

Nikamwomba arudie, akarudia. Nikamuuliza, kama ni nje, ile akiba ninayokatwa ni ya nani. Gaston alikitazama tena kile cheti, ingawa jibu lilikuwa mbele yetu sote.

"Ni ya mwenye jina, Mama."

Akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba tuko nje, kwa maana mtu hajikuti nje kwa bahati mbaya. Lazima wawili waende kwa wakili kabla ya ndoa kuandikishwa, waulizwe, wajibu, waweke sahihi. Akaniuliza kama niliwahi kwenda kwa wakili. Nilimjibu kwamba niliwahi, mwaka 1997.

Ili hili lieleweke lazima nirudi Morogoro. Zolile alitoroka kwao mwaka 1976 akiwa na miaka kumi na saba, akaishia Mazimbu, kwenye makazi ya wakimbizi wa Afrika Kusini. Mimi nilifika huko baadaye kufundisha ushonaji. Alikijua Kiswahili vizuri kuliko wenzake wote, kiasi kwamba akiingia ofisa wa serikali au mwandishi wa habari, anaitwa Zolile akae katikati. Alifasiri hotuba, mikataba ya mashamba, hata ugomvi wa fidia za mbuzi. Nilimpenda kwa ajili ya hilo. Nilipenda kumsikiliza akitafuta neno, akilikataa, akitafuta lingine mpaka lilingane.

Tulioana mwaka 1989. Padri alitaka cheti cha ubatizo na barua ya kuthibitisha kwamba bwana harusi hana mke kwao, na mkimbizi hana barua. Kwa hiyo tulifungishwa ndoa ukumbini na viongozi wa chama chake, kwa nyimbo na ngumi zilizoinuliwa juu. Nyumbani kwetu Kashozi hawakuja. Jumuiya yetu ya huko, ambayo nilikuwa katibu wake kabla sijahama, ilikutana ikanifuta kwenye daftari, na mama yangu alikuwemo kwenye kikao. Miaka kumi na miwili sikupokea komunyo, mpaka padri wa Johannesburg alipoibariki ndoa yetu. Neno lenyewe, ndoa ya nje ya jumuiya, lilikuwa linanifuata mpaka nililisikia usingizini. Mtu pekee niliyemwambia jinsi lilivyoniuma ni Zolile.

Mwaka 1992 tulihamia Johannesburg, na mwaka 1997 tukaamua kuandikisha ndoa rasmi ili nipate kitambulisho. Wiki moja kabla, Zolile alinipeleka kwa wakili mjini, mzungu mzee mwenye kikohozi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na yule mzee aliongea haraka, kwa hiyo Zolile alikaa katikati kama alivyozoea. Wakili akasema maneno mengi. Zolile akanigeukia, akaniambia kwa upole kwamba mzee anauliza ndoa yetu ni ya ndani ya jumuiya au ya nje.

Nakumbuka niliona aibu. Nilishangaa serikali ya huku inafuatilia mambo ya kanisa kiasi hicho. Lakini sikutaka kuanza maisha mapya kwa uongo mbele ya mwanasheria, nikatazama viatu vyangu na kusema, "Nje." Wakili akauliza tena, Zolile akafasiri kwamba anauliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika. Nikaweka sahihi kila palipokuwa na alama ya kalamu. Tulipotoka Zolile alininunulia soda na kunishika mkono mpaka kituo cha teksi, nami nikaona ananifariji.

Jioni ile ya Jumatatu niliufungua mkataba ule wa wakili. Haukuwa umefichwa, ulikuwa kwenye faili la nyumba, baada ya cheti cha kuzaliwa cha binti yetu Nomsa. Nilisoma ukurasa wa kwanza wenye sahihi yangu, na kwa Kiingereza nilichojifunza tangu wakati ule sikuhitaji kuuliza neno hata moja. Hakutakuwa na mali ya pamoja. Hakutakuwa na mgawanyo wa kitakachoongezeka baadaye. Nilimpigia Nomsa, anayefanya kazi Midrand. Anaelewa Kiswahili chote ila hunijibu kwa Kiingereza. Aliniambia kwamba mtu huwa anasoma kabla ya kuweka sahihi. Nikamjibu kwamba nilisoma, niliyemsoma ni baba yake.

Sikumwambia Zolile siku hiyo wala kesho yake. Nilitaka kwanza hasira ishuke, maana nikikasirika nageukia Kihaya, na Kihaya hakijui. Jumamosi baada ya jumuiya nilimkuta barazani, kwenye jua la Agosti, anasahihisha kazi ya watu kwa kalamu nyekundu. Niliweka mkataba juu ya makaratasi yake, nikamwambia nina neno moja nataka anifasirie. Nikamwonyesha kwa kidole.

Alivua miwani. Hakujifanya haelewi, kwa hilo nampa haki yake.

"Umiliki wa pamoja wa mali," alisema.

"Mwaka tisini na saba ulikuwa hulijui?"

"Nilikuwa nalijua."

Nilimwomba anieleze basi kwa nini aliniambia jumuiya. Alinieleza kwa sauti ile ile anayotumia kueleza gharama za kazi. Wakati ule wengi waliorudi kutoka uhamishoni na wake wa nchi nyingine walikuwa wanaachwa. Wanawake walikuta maisha magumu, wakadai nusu, wakarudi kwao, na wanaume wakabaki kuishi kwa dada zao. Wenzake walimshauri ajilinde. Nikasema angeweza kuniambia hivyo hivyo, kwa Kiswahili kinachoeleweka.

"Ningekuambia kila mtu na chake, ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi." Akakunja miwani, akaikunjua tena. "Nilifikiri utarudi kwenu, Mama Nomsa."

Nimewahi kusalitiwa na watu wengine. Jumuiya yangu ilinifuta, mama yangu akikaa kwenye mkeka wao. Lakini wao walinitenda wazi, na nilijua wa kumkasirikia. Huyu alichukua kidonda nilichomwonyesha yeye peke yake, akakigeuza kuwa jibu analolitaka, kisha akaninunulia soda. Na miaka kumi na tano nilikatwa, mpaka nikauza mashine, ili mtu anayenisubiri niondoke asije akapata shida uzeeni. Nilimwambia yote hayo, si kwa mpangilio huu. Nililia pia. Zolile alinisikiliza mpaka mwisho, akasema samahani, akasema alikuwa kijana na mwoga, na kwamba tungeweza kubadilisha.

Hilo nilimuuliza Gaston Jumatatu. Akasema ni kweli, mahakama inaweza kubadilisha, ila lazima wote wawili waombe. Mmoja akikataa hakuna kitu. Akaniambia pia kwamba ritani ni ya mwaka uliokwisha, kwa hiyo tukibadilisha au tusipobadilisha, jibu la kweli kwa sasa ni lile lile. Akanigeuzia kompyuta nibonyeze mwenyewe. Nikabonyeza nje. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulijibu swali lile nikijua naulizwa nini. Gaston alikataa malipo, nikamwekea kwenye meza na kuondoka.

Zolile alikuwa mwema kupita kawaida wiki zile. Alipika. Alikuja kanisani, yeye Mmethodisti, akakaa benchi la nyuma. Mwenyewe alitafuta wakili, akapanga miadi ya Septemba, akasema tukitoka hapo hata jina la mrithi kwenye akiba atalibadilisha, maana lilikuwa la mtoto wa dada yake. Hata hilo sikuwa nalijua. Lakini nilijiambia kwamba mtu anayekiri bila kuulizwa amekwisha kubadilika. Nilitaka sana iwe hivyo. Niliyaacha makato ya tarehe mosi yaendelee.

Wakili alikuwa binti wa miaka thelathini na ushee, ofisi yake si mbali na duka langu. Alitukaribisha kwa Kiingereza. Zolile akasikia lafudhi, akamuuliza kwao wapi, kumbe ni Port Elizabeth, mitaa ile ile aliyokulia yeye. Wakafurahiana, wakaingia kwenye Kixhosa, na Zolile akaanza kumwita mwanangu. Alikuwa amekaa katikati yetu. Wakili aliuliza, kwa Kixhosa, kama maombi haya ni ya wote wawili.

Nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili. Ndiyo lugha tuliyopendania, na hatukuwahi kuwa na nyingine. Dukani kwangu Zolile hufika mara mbili kwa mwaka, kuchukua funguo. Hakuwahi kukaa pale Alhamisi moja akaona ni nani wanaoingia, wanavyovua makoti na kunisimulia habari za waume zao huku nimeshika futi ya kupimia, na ninavyowajibu kwa lugha yao.

Alimwambia yule binti kwamba hapana, si ya wote wawili. Mke wangu amepatwa na wasiwasi wa uzee, alisema, nimemleta ili moyo wake utulie. Mweleze tu kwamba ni kesi ndefu na ina gharama kubwa. Hadi wakati huo Novemba itakuwa imepita, nitakuwa nimeshasaini karatasi za pensheni kwa jina langu. Kisha akanigeukia, akanishika mkono, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama siku zote.

"Anasema ni safari ndefu, mke wangu. Lakini nimemwambia tunaitaka wote."

Niliutoa mkono wangu. Nikamtazama yule binti, nikamwambia kwa Kixhosa kwamba nashukuru kwa muda wake, kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuja kuomba, na kwa hiyo hakuna maombi ya kuandika. Nikamuuliza kama anaweza kunipa miadi nyingine, nije bila mtu. Binti alimwangalia Zolile, akaniangalia mimi, akafungua kalenda yake. Akaniuliza kama Alhamisi inanifaa. Nikamwambia Alhamisi nina wateja wengi, anipe Ijumaa.

Niliteremka ngazi nikapiga simu benki nikiwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani za pale kona. Taa zilibadilika mara tatu kabla hawajanithibitishia kwamba makato yamesimamishwa. Zolile alikuwa amenifuata, amesimama pembeni yangu, koti lake mkononi. Hakuuliza habari ya benki. Aliuliza tangu lini najua Kixhosa.

"Tangu mwaka wa kwanza tulipofika," nikamwambia. "Nilikuwa najifunza kukaa huku."